Mashine Inayosahau Ruhusa

Mama Pacha alitandika koti la kwanza kwenye mashine ya kudarizi. Muuguzi mkuu angefuata makoti adhuhuri. Yeye na mumewe wakichelewa tena, kazi ingehamia kwa fundi mwingine. Majina yalikuwa tayari kwenye kompyuta yake inayotumia mfumo wa Linux. Akabonyeza "tuma". Kimya. Kwenye kioo pakatokea: ruhusa imekataliwa.

"Jamani! Si jana ilikubali?"

"Jana niliifungulia kila mtu," alisema mumewe. "Leo nimechomoa waya wake nichaji simu, kisha nikaurudisha."

"Wewe na simu yako!"

"Kila ukichomolewa inajifunga. Ina jini?"

Mama Pacha alicheka, lakini swali likamkaa akilini. Kwa nini mashine isahau? Akamwita jirani yao, fundi kompyuta, aliyeitwa Shangazi Waya.

"Kitendawili!" alisema Shangazi Waya hata kabla ya kuketi.

"Tega."

"Kila nikizaliwa, sikumbuki jana."

"Baba Pacha huyo, akiachiwa vyombo aoshe!"

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua wowote, mradi una umeme."

"Ni faili la kifaa, ndilo mlango wa mashine yenu ndani ya kompyuta. Mkichomeka waya, Linux huliunda. Mkichomoa, hulifuta. Ruhusa mliyotoa hufa nalo."

Akaandika amri ya kuonyesha ruhusa za faili hilo: ls -l /dev/ttyUSB0

"Soma. Mwenye kifaa ni root, msimamizi mkuu. Kundi lake ni dialout, la watumiaji wa vifaa vya waya kama huu. Hao wanaruhusiwa."

"Na mimi?"

"Mgeni kwenye mashine yako mwenyewe."

"Basi afanye kazi kama root!" alidakia Baba Pacha.

"Uchome nyumba ili uote moto, shemeji? Root akikosea, hana wa kumzuia. Na kufungulia kila mtu ni kulala mlango wazi. Tumwingize mkeo kwenye kundi la dialout."

Mama Pacha akaandika mwenyewe, polepole: sudo usermod -aG dialout mama

"Hiyo sudo huazima nguvu za root kwa amri hii moja tu, na hiyo a ni ya kuongeza," alisema Shangazi Waya. "Ukiisahau, utatolewa kwenye makundi mengine."

Akabonyeza "tuma". Ikakataa!

"Mbona?"

"Toka kwenye akaunti yako, uingie upya. Makundi yako husomwa unapoingia."

Akatoka, akaingia. Sindano ikaanza kucheza. Mama Pacha hakuridhika. Jina la kwanza lilipoisha, akachomoa waya, akauchomeka tena, akatuma la pili. Likapita.

Muuguzi mkuu alipobisha hodi, koti la mwisho lilikuwa likikatwa nyuzi. Baba Pacha alisimama pembeni na simu iliyozima.

"Sasa naweza kuchomoa?"

"Chomoa tu, mume wangu. Siku hizi inanijua."