Nyumba Isiyokula Kuni

Jumamosi ile Hilda aliamka mapema akapika mtori sufuria mbili kubwa, maana nusu ya Marangu ilikuwa inakuja kuiona nyumba. Ilikuwa Mei 1997, masika yanaishia, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Habari hii nimepewa na shangazi yangu Grace, jirani yao wa kupakana, na Grace si mtu wa kutia chumvi. Anasema wageni waliingia wamejikunyata ndani ya makoti, na hata chai haijamiminwa, wakaanza kuyavua.

Gidioni, mume wa Hilda, aliwatembeza kifua mbele. Alikuwa ameishi Tanga miaka mingi akitoa mizigo ya watu bandarini, na huko aliona nyumba zilizojengwa kwa akili, zinapata ubaridi bila feni. Akajiambia, kama pwani mtu anaweza kuijengea nyumba ubaridi, mimi kwetu mlimani nitaijengea joto. Kuta alizijenga mbili mbili, katikati akashindilia pumba za mpunga. Sakafu aliipaka rangi nyeusi ili inywe jua la asubuhi kupitia madirisha makubwa, kisha ilirudishe jioni. Juu ya bati aliweka pipa jeusi, na maji ya kuoga yakawa yanapata moto bure.

"Mgao wa umeme uje, uondoke, sisi hatuna habari," aliwaambia. "Nyumba hii haili kuni, haili umeme."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza nyumba inakula nini basi. Hakuna aliyemtaja Elinipendo pia, ingawa wote walimjua. Lakini ukishashika bakuli la mtori la mwenyeji, mdomo una kazi nyingine.

Elinipendo alikuwa mjane wa Ebenezeri, kaka yake Gidioni. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuwa na wa kumsemea. Kijumba chake cha mbao kilisimama kwenye kona pekee ya kihamba, shamba la ukoo, ambayo migomba haikuizibia jua, na ramani ya Gidioni ilitaka jua. Mwaka uliotangulia, mwezi wa sita, baridi imeshika mifupa ya watu, Gidioni alimwambia ahame. Mama wa watu alifoka, akamwita mwizi mbele ya mafundi. Kesho yake alirudi mpole, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Kwetu Wachagga, isale ni msamaha. Mtu akikuletea, awe amekukosea namna gani, unalipokea, yanaisha. Kulikataa ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyi.

"Shemeji, nimekosa kwa maneno yangu," alisema Elinipendo. "Pokea. Niache hapa baridi ipite tu, nitahama mwenyewe."

Gidioni alilitazama lile jani. Mikono yake aliiacha mfukoni. Akageuka, akawaambia mafundi, "Bomoeni."

Hilda alikuwepo, amempakata binti yake Pamela. Aliona yote, akanyamaza, kwa sababu naye aliitaka nyumba. Elinipendo alihamia kwenye banda la ng'ombe, na mwezi wa saba nimonia ikamchukua. Alizikwa nyuma ya kahawa bila maneno mengi. Wenye kihamba walirudi kwenye saruji yao.

Basi, mwaka wa 1997 baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, nyumba ilizidi joto. Majirani walipita kuomba kukaa kidogo, wakasifu, wakajipepea kwa khanga. Hilda alifurahi kama mwanamke yeyote ambaye jiko lake haliwatoi watoto machozi. Alichoanza kukiona ni kidogo. Pamela, ambaye sasa alikuwa anakaribia kuanza shule, aliomba sweta. Kisha akaomba la pili.

"Mama, nasikia baridi."

"Humu ndani? Wewe mtoto unadeka."

Jioni alimkalisha kwenye beseni la maji ya moto kutoka pipani. Alipogeuka kuchukua sabuni na kurudisha mkono, maji yalikuwa ya baridi kama ya mfereji. Akamwaga, akaweka mengine. Nayo yakapoa hapohapo, mtoto amekaa katikati anatetemeka.

Zahanati, nesi alimwekea kipimo kwapani. Zebaki haikupanda. Akakikung'uta, akachukua kingine, kisha cha tatu. Mwisho akamwambia Hilda vipimo vyao vimeharibika, lakini hakumtazama usoni alipokuwa akisema.

Ndipo Hilda akagusa ukuta. Ule wa karibu na kitanda cha Pamela ulikuwa na joto kuliko kuta zote, joto la mwili wa mtu. Alikihamishia kitanda upande wa pili wa chumba. Asubuhi ukuta wa kwanza ulikuwa umepoa. Wa pili ulikuwa na joto.

Alielewa. Nyumba ilikuwa inakula.

Mchana huo, sahani ya ndizi mbele yake, Pamela aliinua kichwa akasema kitu. Alizaliwa Tanga yule mtoto, Kichagga hakujua hata kusalimia. Sasa alisema Kichagga cha kizee, taratibu, sauti imekauka.

"Baridi haijapita. Mwambieni Gidioni aje akae na mimi."

Kijiko cha Gidioni kilianguka. Alitoka bila viatu, akakata isale mpakani, akaenda nyuma ya kahawa. Hilda alimfuata. Alimwona mumewe amepiga magoti, analichomeka jani kwenye kaburi.

"Shemeji, nimekosa," alinong'ona. "Pokea."

Jani lilisimama kidogo, likaanza kupanda. Udongo ulilisukuma polepole, likaanguka. Akalichomeka tena kwa kina zaidi, mpaka kiwiko kikagusa udongo. Udongo ukalitema. Mara ya tatu lilitoka limepasuka katikati, na Gidioni hakujaribu tena.

Walikimbia. Walimfunga Pamela mablanketi, wakamlaza kwenye mapaja ya mama yake ndani ya pikapu, wakateremka barabara ya Himo. Chini huko jua lilikuwa linawaka. Hilda alitokwa na jasho. Mtoto alizidi kuwa wa baridi. Midomo ikawa ya kijivu. Pumzi zikaachana.

Himo njia panda, katikati ya mahindi ya kuchoma na makelele ya wapiga debe, Hilda alimshika mumewe mkono.

"Simama."

"Tufike hospitali kwanza."

"Hakumwita Pamela," alisema kwa sauti ya chini. "Amekuita wewe. Shuka, Gidioni. Rudi nyumbani kwako."

"Unanipeleka nikafe?"

"Mwanangu amekosa nini mpaka afe yeye?"

Hakumsihi. Hakulia. Yale aliyopaswa kuyasema siku ya isale yalikuwa machoni pake, yamechelewa mwaka mzima. Gidioni alimgusa binti yake shavuni, akauondoa mkono haraka kama aliyegusa barafu. Akashuka. Akadandia gari la kupanda Marangu.

Hilda alibaki palepale akihesabu pumzi za mtoto. Kabla wachuuzi pale dirishani hawajamaliza kuuza sinia moja la mahindi, vidole vya Pamela vilianza kupata joto. Kisha viganja. Kisha akafungua macho akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga, "Mama, mbona umenifunga hivi? Nasikia joto."

Hilda alilia hapo, na Grace anasema hajui alikuwa anamlilia nani.

Alirudi baada ya siku chache, pamoja na Grace, saa za mchana. Walipofungua mlango, joto liliwapiga usoni. Gidioni alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kiti, mikono ameinyoosha mbele, viganja vimetazama juu kama mtu anayempokea mwenzake mikono. Alikuwa amekufa, amekauka kwa baridi. Nywele zake na nyusi zilikuwa na umande mweupe wa barafu, ule unaowashika wapagazi kule juu mlimani.

Mbele yake kiti kingine kilikuwa kimesogezwa karibu, magoti kwa magoti.

Hilda alikiwekea kiganja. Kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Mama Elinipendo," alinong'ona, "shikamoo."

Waliokuja kuchukua maiti walikitoa kiti nje ili wapate nafasi ya kupitisha jeneza, wakakiacha uani, manyunyu yanaanguka. Pamela ameshakuwa mama wa watoto, hajambo, wala hataki kusikia habari za Marangu. Kiti hakuna aliyekirudisha ndani. Mwaka jana mwezi wa saba Grace alinipeleka. Majani yote ya uani yalikuwa yamelowa. Kiti kilikuwa kikavu, na nilipokigusa, nilihisi mtu amehama kidogo ili anipishe.