Wosha Niliyoihamisha Kwenye Gari la Naomi

Nina miaka thelathini na tisa, mume wa mtu na baba wa watoto wawili, na hapa Lushoto mjini natengeneza simu na redio. Watu wananiona mpole. Laiti wangejua, wasomaji wenzangu... nimefanya jambo ambalo hadi leo linanifanya niogope kuikaribia meza ya Bwana!

Mkasa wenyewe ulianzia kwenye vigari vya mashindano. Ni vigari vya betri vinavyoenea kiganjani, havina usukani wala rimoti. Unakiwasha, unakiachia kwenye njia ya mbao yenye kuta fupi pande zote mbili, kinakimbia chenyewe. Kinachokikatisha kona ni roli, yaani vijigurudumu vilivyolazwa kwenye bampa la mbele na la nyuma, vinavyosugua ukuta. Roli zikikaa sawa, gari linateleza na kona. Zikikaa vibaya, linaruka nje.

Mimi ndiye niliyeuleta mchezo huu kwenye ukumbi wa usharika wetu, na mimi ndiye niliyemfundisha Naomi, binti wa mjomba wangu, fundi cherehani. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Nilikuwa namfichia mkasi, yeye ananitilia chumvi kwenye chai, na hakuna aliyeruhusiwa kununa.

Basi, mwanafunzi akampita mwalimu! Naomi alikuwa akipachika wosha, kile kiduara chembamba cha chuma kinachokaa na skrubu, chini ya ukingo wa nyuma wa bampa la mbele. Bampa linainama kidogo, pua ya gari inabaki chini. Gari lake halikuwa linaruka. Langu lilikuwa linaruka kila Jumamosi, na wenzetu wakaanza kuniuliza kama Naomi ananifundisha kwa ada au bure. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naungua...

Ikafika siku ya mashindano ya kumpata atakayewafundisha vijana wa kanisa mchezo ule. Naomi alitoka nje kumwamkia mchungaji, gari lake akaliacha mezani. Nikachukua bisibisi, nikaihamisha wosha kutoka ukingo wa nyuma kwenda wa mbele. Bampa likainua pua. Nikajiambia, si utani tu? Litaruka, watu watacheka, nami nitacheka nao.

Lakini nilijua, na hapa ndipo ninapojilaani, kwamba Naomi hakai na watazamaji. Yeye huchuchumaa kwenye kona kubwa, uso karibu na ukuta, asikilize roli zinavyolia. Nilijua! Nikamwona anakwenda kuchuchumaa, nikanyamaza.

Gari liliingia kona ile kwa kasi, likapanda ukuta, likampiga kwenye jicho la kushoto.

Hospitalini walifanya walivyoweza, wakamhamishia nyingine kubwa zaidi, lakini jicho lile halikuona tena. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, ameshikilia mkono wangu, aliposema, "Ni mikono yangu hii, mtani. Nilikosea kulifunga bampa."

Ni nini kilinizuia kufungua mdomo? Woga? Aibu? Nikamwambia pole, ajali haina kinga. Ajali... nami nathubutu kulitamka neno hilo!

Alipotoka hospitali alikataa nguo za harusi zote alizoletewa. Mimi peke yangu ndiye aliyeniambia kwamba mkono uliokosea bampa utakosea na shela ya mtu. Akaifunika cherehani kwa kanga, akarudi nayo kwa wazazi wake Mtae. Kila mtu aliamini ni jicho lililomwachisha kazi. Mimi pekee niliyemsikia pale kitandani nilijua kwamba ni kujilaumu.

Msimu mzima wa mvua nilikaa na siri ile. Chakula hakipiti, usingizi hauji, mpaka mke wangu akadhani nina mwanamke nje. Mwishowe nikafunga safari ya Mtae na barabara yake mbovu, nikamkuta Naomi uani anachambua maharage. Nikamweleza yote, hadi bisibisi niliyotumia. Na kwa kuwa mimi ni mwoga, nikamalizia kwa kusema ulikuwa utani.

Aliweka ungo chini. "Utani husemwa siku hiyohiyo, watu wacheke," alisema taratibu. "Wako mbona umekaa nao mpaka mimi nimejichukia?"

Nililia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Mjomba aliposikia alitaka kuita kikao cha ukoo, Naomi akamkataza.

Mwezi uleule akaifunua cherehani. Leo anashona sare za shule kwa jicho moja, na pindo zake zimenyooka. Mnaelewa maana yake, ndugu zangu? Jicho nililiharibu kwa bisibisi, lakini kazi yake na raha yake niliziharibu kwa kunyamaza. Neno moja tu pale hospitalini lingemwondolea lawama ile!

Nawasihi, msiuite wivu utani. Na ukishamkosea mwenzio, mwambie angali analia, usimwache ajishitaki kwa kosa lako. Mimi nilichelewa, na malipo yake nayapata hapahapa duniani.

Naomi amenisamehe, alitamka hivyo mbele ya wazazi wake. Lakini Jumapili iliyopita alishuka Lushoto, tukakutana nje ya kanisa. Nikamchokoza, nikamwuliza gauni lile baya kaliazima wapi. Nikasubiri anirudishie, kama alivyonirudishia tangu tukiwa watoto.

Naomi akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, kaka."

Nikaitikia marahaba.