Begi la Safari ya Mama

Kila jioni binti wa fundi cherehani alifanya kazi zake za shule kwenye meza ileile ambayo mama yake alikatia vitambaa. Akimaliza, alipewa vipande vya kujifunzia kushona. Kaka yake hakuacha kumtania. "Anza na huo mdomo wako," alisema, "ulivyo mpiga soga!"

Siku moja kaka alileta begi jipya. Akamwomba alishonee kitambaa cha pili ndani, chini kabisa, kufunika vifurushi bapa alivyosema ni sponji ya kuliimarisha. "Ni zawadi ya mama. Usimwambie, utaniharibia." Binti alishona kwa furaha, na mwishoni akarudisha mshono mara mbili, kama mama alivyomfundisha.

Kesho yake mwalimu aliwaonyesha wanafunzi filamu kuhusu biashara ya dawa za kulevya. Katika filamu ile, kijana alificha unga wa dawa hizo ndani ya sanduku la shangazi yake, chini kabisa. Shangazi akafungwa, huku akiapa kwamba hajui lolote. Wanafunzi wengine walimcheka kwa ujinga wake. Binti hakucheka. Alikumbuka vile vifurushi alivyovishonea begini, na jioni hiyohiyo mama alikuwa avuke mpaka wa nchi na begi lile, kwenda kumuuguza bibi.

Kengele ilipolia alitoka mbio hadi nyumbani. Begi lilikuwa mlangoni, limekwisha kufungwa, na kaka amesimama tayari kumsindikiza mama.

"Mama, usiondoke na begi hilo!"

"Kuna nini tena, mwanangu?"

Kaka alimkata jicho. Binti alimpenda sana kaka huyu, aliyembeba mgongoni tangu utotoni. Hata hivyo alisema yote.

Mama alimwaga nguo sakafuni, akapapasa mshono. "Huu ni mkono wako," alisema polepole. Akachukua wembe, akafumua. Kifurushi kimoja kilipasuka, unga mweupe ukamwagikia nguo za safari.

"Mama, nani angemkagua mtu mzima kama wewe?" kaka alisema, machozi yakimtoka. "Wenye mzigo wamenitishia. Nilitaka iwe mara ya mwisho."

"Kwa hiyo jela niende mimi?"

Mama mwenyewe ndiye aliyewapigia simu polisi. Askari walipomchukua mwanawe, aliwafuata hadi barabarani, kisha akarudi kukaa kwenye cherehani bila kushona chochote.

"Nimemponza kaka," binti alisema kwa kwikwi.

"Hapana. Kajiponza mwenyewe, na wewe umeniokoa. Lakini na wewe ulikosea: ulishona bila kujua unafunika nini. Mtu akikupa kazi, halafu akakukataza kumwambia mama, basi hapohapo njoo uniambie. Awe mgeni, awe ndugu yako wa tumbo moja."

Binti aliitikia kwa kichwa. Walikula wawili tu jioni ile, na hapakuwa na mtu wa kumtania.