Ukurasa Wenye Vichwa Arobaini

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Mbwembwe alijifungia sebuleni na kompyuta ya shule. Jina hilo la utani alibandikwa darasani, na lilimkaa sawasawa: msichana wa miaka kumi na miwili asiyeweza kuandika hata barua bila kuizungushia maua.

Leo alikuwa akitengeneza ukurasa wa tovuti wa siku ya maigizo ya shule. Saa kumi jioni mwalimu wa kompyuta angeukagua. Ukurasa usipomridhisha, kazi angepewa mwenzake wa darasani aliyeitwa Najua Yote, na Mbwembwe hakutaka hata kulifikiria jambo hilo. Basi akaukoleza. Kila sentensi aliyoipenda aliiwekea alama ya kichwa cha habari, kwa kuwa maandishi yakipewa alama hiyo hunenepa.

"Shangazi, hebu ujaribu!" akaita, akifungua mlango.

Shangazi yake, fundi wa kufuma sweta, alikuwa haoni. Simu ilimsomea kurasa kwa sauti, naye aliruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka afike anapopataka. Akaweka sindano chini. "Mimi nataka saa ya kuanza tu, mwanangu. Nisije nikakukosa jukwaani."

"Kichwa cha habari: Karibuni sana!" simu ikatangaza. Shangazi akaruka. "Kichwa cha habari: Msisahau leso!" Akaruka tena. "Kichwa cha habari: Choo kiko nyuma!"

Alipofika cha arobaini, Shangazi alikuwa anacheka mpaka machozi. "Makubwa haya! Vichwa arobaini, shingo hata moja hakuna! Saa iko wapi?"

"Simu yako mbovu," Mbwembwe akajibu haraka.

Shangazi akarudia sindano zake. Mbwembwe akaona aibu. Saa alikuwa ameiandika katikati ya maneno marefu, bila kichwa chochote.

"Samahani, Shangazi. Si simu. Ni mimi."

Akaanza kufuta alama, huku roho inamuuma. Akabakiza vichwa vinne: Mchezo, Saa na Mahali, Waigizaji, Mawasiliano. Shangazi akagusa simu mara mbili tu.

"Saa nane kamili, ukumbi mkubwa. Nimefika!"

Saa kumi na robo mwalimu akapiga simu: ukurasa umepita. Mbwembwe akaruka juu kwa furaha.

"Sasa nisikilize," Shangazi akasema, akimshika mkono. "Kichwa cha habari si pambo. Kinamwambia msomaji atakuta nini hapo chini, ili asipotee. Na ukikosea, sema umekosea, kama ulivyosema leo. Ungeng'ang'ania kuisingizia simu yangu, siku ya maigizo ningebaki nyumbani nafuma."