Chiriku na Picha ya Jalidi

"Jirani, mtoto wako anaisujudia kabichi, au ameangusha sindano?"

Hilo ndilo swali ambalo Mama Mjuaji alimwuliza fundi cherehani wa nyumba ya pili, asubuhi moja ya majira ya baridi. Alikuwa amechungulia juu ya ua, akamwona msichana amepiga magoti bustanini, pua yake karibu iguse majani.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye cherehani yake. "Anapiga picha," akajibu dirishani. "Mwache tu. Watoto wa wengine huamka wakapigana wao kwa wao."

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, akifagia, akisuka nywele. Mama yake, yule fundi, alisema kwamba siku mtoto huyu akinyamaza, apelekwe hospitali.

Jumatatu ya juma lile, shangazi yake, mwenye studio ya picha karibu na kituo cha mabasi, alikuwa amemkabidhi kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu.

"Nina nafasi ya kumfundisha mtu mmoja kazi hii kila Jumamosi," shangazi alimwambia. "Niletee picha moja ya jalidi, ule umande ulioganda, kabla ya Ijumaa jioni. Jani liwe bustanini, kama Mungu alivyoliacha. Ukiweza, nafasi ni yako. Ukishindwa, yuko binti wa mwalimu naye anaitaka."

Chiriku hakuwahi kutaka kitu kama alivyoitaka nafasi ile. Jumanne aliamka kabla ya jogoo, akasema sala yake fupi mlangoni, akatoka. Kwa macho matupu kabichi zilionekana kama zimenyunyiziwa unga. Alipotazama kwenye lenzi, moyo ukamruka. Ukingo wa jani ulikuwa umeota msitu wa sindano nyeupe, na kila mshipa umevaa manyoya ya kioo.

"Jamani, hebu ona," akaanza, huku akisogea. "Nani kakufuma hivi, mrembo? Tulia basi. Usiogope, mimi ni mtu mwema, mama yangu anashona nguo, na wewe leo umevaa kuliko bibi harusi..."

Akasogea zaidi, akazungusha lenzi polepole, akabonyeza. Akatazama kioo cha kamera. Sindano hazikuwapo. Kulikuwa na matone ya maji tu.

Akahamia jani la pili, kisha la tatu. Maji. Jumatano vilevile. Alilaumu jua, lakini jua lenyewe lilikuwa halijavuka paa la Mama Mjuaji.

Alhamisi kulipambazuka na mawingu, na jalidi haikuonekana hata kidogo. Jioni alikuwa amekaa jikoni, mikono mashavuni, alipoingia Mjuaji, binti wa jirani, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui".

"Unalilia nini wakati mna friza?" Mjuaji akauliza. "Chuma jani, linyunyizie maji, liweke humo. Asubuhi lirudishe bustanini, piga picha. Barafu ni barafu."

"Shangazi alisema kama Mungu alivyoliacha."

"Na friza nani kaiumba?"

"Kiwanda."

"Na watu wa kiwanda?"

Chiriku akatoka bustanini, akachuma jani. Jani likalala ndani ya friza, ubavuni mwa samaki, na asubuhi likachomekwa kati ya kabichi nyingine. Hata akiongea kiasi gani, barafu ile ilikuwa nene na haikuyeyuka. Picha ikatoka inang'aa.

Ijumaa baada ya masomo Chiriku alikwenda studio. Shangazi aliifungua picha kwenye kompyuta, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi nina miaka ishirini katika kazi hii. Picha kama hii kwenye majaribio ya kwanza sijapata kuiona." Akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri picha za kitambulisho. "Mzee, njoo uone. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, na ndiye mwanafunzi wangu kuanzia kesho."

Mteja akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nafasi ilikuwa imepatikana. Ilibaki kusema asante. Lakini kila sifa ilimwingia Chiriku kama mwiba. Alikuwa na kile alichokitaka, na hakikumpa raha. Akasubiri mteja achukue picha zake na kuondoka.

"Shangazi," akasema. "Hilo jani nililitoa kwenye friza. Nimekudanganya. Mpe binti wa mwalimu nafasi."

Shangazi akavua miwani tena, akaiweka mezani. "Nisingejua hata siku moja," akasema. "Unalifahamu hilo?"

"Ndiyo, shangazi. Ningejua mimi."

Shangazi akaifuta picha ile. Kisha akaomba kuona zile zilizoharibika, akazipitisha moja baada ya nyingine. "Ulipokuwa unasogea, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa... naliambia jani lilivyo zuri."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Chiriku wewe. Pumzi ya mtu ina joto. Umelibembeleza jani mpaka likayeyuka." Akajifuta macho. "Binti wa mwalimu anakuja Jumatatu. Kesho alfajiri nitafika kwenu. Jalidi siwezi kukuahidi, hiyo ni ya Mwenyezi Mungu. Ikiwapo, una nafasi moja."

Usiku mbingu zilitakata, na Jumamosi bustani nzima ilikuwa nyeupe. Shangazi na mama walisimama mlangoni, wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Chiriku alijifunga skafu nzito mdomoni, akajongea kwa magoti kutoka upande usio na upepo. Akaona uzi mmoja wa buibui, kutoka jani hadi jani, umejaa chembe za jalidi kama shanga. Maneno yakamjaa kooni. Alitaka kumwita mama, alitaka kuita mtaa mzima. Akayameza. Akaibana pumzi, akabonyeza.

Walipoifungua ndani, hapakuwa na tone hata moja. Kila ushanga ulikuwa na miiba yake, na nyuma yake jani lilikuwa limelala kama zulia la fedha. Chiriku akaivuta skafu na maneno yote yaliyokuwa yamezuiliwa yakafunguka kwa pamoja, isijulikane anaanzia wapi. Mama, aliyekuwa amesharudi kwenye cherehani, akaiacha aje kuona, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Shangazi akamshika bega. "Sikiliza, mwanafunzi wangu. Picha ya jana ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ushahidi wa uongo. Mpiga picha ni shahidi wa kile alichokiona. Siku ukisema uongo katika kitu kidogo, hata ukweli wako mkubwa watu watautilia shaka. Jana ulikuwa tayari kupoteza nafasi ili usiupoteze ukweli. Kushika kamera nitakufundisha. Hilo la jana singeweza kukufundisha."

Wakati huo Mjuaji alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. "Hata ile ya friza ilikuwa..." akaanza, kisha macho yake yakafika kwenye kioo cha kamera. Akainama. Akautazama ule uzi wa buibui, ushanga kwa ushanga. Akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa linakaribia kuzifikia kabichi za mwisho.

Shangazi akamsogezea kamera. Mjuaji akaipokea, akaichukua skafu iliyokuwa mezani, akajifunga mdomoni, akatoka nje kuziwahi kabichi.