Toleo la Kwanza

Haya yalimpata jirani yetu, yule dada mpiga eksirei, nami nayasimulia kama alivyomsimulia mke wangu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nguo ziko kambani, jua limewaka vizuri. Nyumbani waliishi wawili tu, yeye na mama yake. Dada alikuwa sebuleni na programu yake ya kucheza chesi. Aliyeianza ni kaka yake. Kaka alipofariki, yeye akaiendeleza. Kila akibadilisha kitu alihifadhi toleo jipya, kisha akalipambanisha na la zamani michezo mia. Likishinda, linabaki. Likishindwa, anarudi nyuma.

Wiki hiyo alikuwa anafuta mistari aliyoandika kaka, kidogo kidogo, maana ilikuwa inaichelewesha programu. Asubuhi hiyo akafuta wa mwisho. Toleo jipya likashinda michezo sitini na nane.

"Mama! Programu ya kaka imepata nguvu!"

Mama alikuwa anapangusa picha ya kaka ukutani. Akageuka taratibu.

"Kaka yupi?"

"Mama, acha utani bwana."

"Mwanangu, mimi nimezaa mmoja tu." Akaitazama picha, akanong'ona, "Na huyu kijana, nani katuwekea humu ndani?"

Dada akakumbuka. Jumatatu mama alisahau jina la utani la kaka. Jumatano akasahau alikozikwa. Dada alidhani ni uzee. Kumbe siku hizo zote mbili alikuwa amefuta mistari.

Akaikimbilia kompyuta. Arudishe. Arudishe lolote! Kwa pupa akabonyeza toleo la kwanza kabisa, alilolihifadhi kaka kwa mkono wake, enzi za uhai wake.

Akamgeukia mama.

"Mama," alinong'ona. "Kaka unamkumbuka?"

Mama akacheka. "Nimsahau vipi? Si yumo bafuni, anaoga."

Bafuni maji yalikuwa yanamwagika.

Dada akageukia huko. Maji yakakatika. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka kidogo.

Hakutoka mtu.

Akasogea. Akausukuma kwa ncha ya kidole. Bafu tupu. Dirisha limefungwa kwa ndani. Ila kioo kilikuwa na mvuke, na ndani ya sinki, katika povu lililokuwa bado linapasuka, zilikuwemo nywele fupi fupi za ndevu.