Si Chale, Ni Chanjo

Siku hizo za vita vya Hitla, asubuhi za Frere Town, kijiji cha wamisionari pwani, zilikuwa na utulivu wake. Jogoo wakimaliza kuwika, fagio zilianza kusikika uani. Kisha ukaja moshi wa kuni, na nyuma ya moshi ikaja harufu ya uji. Waliokuwapo wakati huo bado wanaikumbuka harufu ile.

Nyuma ya kanisa palikuwa na nyumba ndefu ya mawe yenye baraza. Humo waliishi wazee watano wasio na watu wao. Aliyewatunza alikuwa Mbeyu, mjane wa miaka arobaini hivi. Aliwapikia, aliwafulia, na aliwasikiliza. Sukari ilikuwa haipatikani, basi Mbeyu aliukoleza uji kwa tui la nazi na chumvi kidogo.

"Uji huu hauna sukari," Mzee Kalama alilalamika kila siku.

"Hauna, baba," Mbeyu alimjibu kila siku.

Na kila siku Mzee Kalama alilimaliza bakuli zima. Alikuwa seremala zamani, na mzaha ulikuwa haumtoki kinywani. Mbeyu aliipenda kazi yake kuliko alivyokubali kusema.

Mkubwa wa nyumba ile alikuwa Bibi Agneta. Umri wake hakuujua mwenyewe. Aliletwa Frere Town akiwa msichana mdogo, baada ya kuokolewa katika chombo cha wauza watumwa. Wamisionari walimpa jina, wakamfundisha kusoma. Alipokuwa mtu mzima aliwafundisha wanawake waliotaka kubatizwa. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini, na sheria yake ya kwanza ilikuwa moja: hakuna chale.

Enzi hizo mganga alimkata mtu ngozi kwa wembe, akampaka dawa nyeusi kwenye mikato. Bibi Agneta hakuivumilia kazi hiyo hata kidogo. Kabla ya ubatizo aliwapandishia wanawake mikono ya nguo, mmoja mmoja, akatazama. Akiona chale mpya, mwanamke huyo alirudi darasani mwaka mzima. Mbeyu naye alitazamwa hivyo alipokuwa kijana, na hadi sasa akimkumbuka Bibi wa siku ile hutaka kuficha mikono.

Alhamisi moja, mtu alipiga hodi. Alikuwa kijana mwenye kaptura ya kaki na sanduku la bati.

"Shikamooni, wazee. Mimi Justus Kioko. Ni dresa, natibu watu. Nimetumwa kuwachanja."

"Kuchanja?" Mzee Kalama akauliza. "Kuni ziko nyuma ya jiko, mwanangu. Shoka muulize Mbeyu."

Wazee wakacheka. Justus naye akacheka.

"Hapana kuni, mzee. Ni nyinyi. Hapana ogopa."

"Hapana ogopa!" Bibi Jumwa, mmoja wa wale watano, akapiga makofi kwa furaha. "Kiswahili cha wapi hicho?"

"Cha Machakos, mama."

Justus akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na sindano, taa ndogo ya spiriti na vichupa vyembamba vya kioo.

"Ndui imeingia Kisauni," akasema. "Nitakwaruza ngozi kidogo hapa mkononi, halafu natia dawa."

Bibi Agneta akagonga sakafu kwa mkongojo.

"Wakwaruza ngozi, kisha watia dawa?"

"Ndiyo, bibi."

"Hizo ni chale. Sisi hapa ni watu wa kanisa. Hatuchanjwi."

Justus akatazama huku na huku. Wazee wote walikuwa wakimtazama Bibi Agneta. Akawauliza mmoja mmoja, na kila mmoja akakataa. Akamuuliza Mbeyu. Mbeyu alitaka kusema ndiyo, lakini ulimi ulimwia mzito. Akatikisa kichwa.

"Vema," Justus akasema. "Mtu hashikwi kwa nguvu. Mimi niko Kongowea mpaka kesho kutwa, halafu nakwenda Likoni." Akafunga sanduku, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Alasiri ile ile Kahaso, mwanamke wa jirani, alimwita Mbeyu uani.

"Mbeyu wee! Umesikia habari ya Nzai?"

"Nzai mleta nazi?"

"Huyo huyo wa Magogoni. Katokwa na vipele, uso mzima na mikono. Ni ndui. Wamekwenda kumtenga."

Mbeyu akakumbuka kwamba siku ya Jumanne Nzai alileta nazi. Aliketi na wazee barazani kwa muda mrefu, akilalamika kwamba kichwa na mgongo vyamuuma. Bibi Jumwa alimhurumia, akampa maji kwa kata yao wenyewe. Kisha wote wakanywa kwa kata ile ile.

Mbeyu aliijua ndui. Ilimchukua mama yake Magogoni, naye Mbeyu ana miaka tisa. Alikumbuka mkeka uliochomwa moto, na watu wazima waliokataa kukaribia mlango. Sasa aliwatazama wazee wake watano wakibishana juu ya wimbo wa Jumapili, akaogopa kama mtoto. Aliona atawazika wote.

Ijumaa, kulipopambazuka, alishika njia hadi Kongowea. Alimkuta Justus chini ya banda la makuti, watu wamempangia foleni. Akamweleza yote.

"Nzai alikuja lini?" Justus akauliza.

"Jumanne."

Justus akahesabu kwa vidole. "Jumatano, Alhamisi, leo Ijumaa. Siku tatu. Bado tuna nafasi, mama. Mtu aliyekwisha kukutana na ndui, akichanjwa mapema hivi, chanjo huweza kumkinga. Au ndui ikija, huja hafifu. Tukichelewa, ndui haina dawa nyingine."

"Lakini Bibi asema ni chale."

Justus akajifuta jasho. "Kosa ni langu. Nilisema kuchanja, nikafungua sanduku. Sikueleza kitu. Sasa nimwambie nini?"

Mbeyu akafikiri. Alimjua Bibi Agneta kwa miaka mingi.

"Mwambie yote," akasema. "Usimfiche hata neno. Bibi haogopi sindano. Achukia siri. Mganga hamwambii mtu alichotia, na hapo ndipo Bibi alipokosana na mganga."

Justus alimaliza foleni yake, kisha wakarudi Frere Town pamoja. Mara hii hakufungua sanduku. Aliliweka chini, akaketi kwenye mkeka mbele ya Bibi Agneta.

"Bibi, jana sikukueleza. Leo niulize utakalo."

Bibi Agneta akausogeza mkongojo kando. "Dawa yako yatoka wapi?"

"Kwa ndama. Ng'ombe ana ugonjwa wake mdogo, ni jamaa ya ndui. Tunachukua maji ya vipele vya ndama, yanasafishwa, yanatiwa katika vichupa hivi. Mwili wako ukipigana na ugonjwa huo mdogo, unajifunza kupigana na ndui yenyewe."

"Ndama!" Mzee Kalama akasema. "Maadamu si yule wa dhahabu."

"Nyamaza, Kalama." Bibi akamgeukia Justus tena. "Na sindano yako, si imemchoma mwingine?"

"Naipitisha motoni baada ya kila mtu. Utaniona."

"Na maneno gani huisomea?"

"Hakuna maneno, bibi. Nikisema kitu, nasema kaa vizuri."

"Itaniuma?"

"Kidogo leo. Baada ya siku tatu nne kitatoka kipele. Wiki ikipita kitajaa maji. Mkono utavimba, na homa huenda ikaja siku mbili. Halafu kitakauka, kiwe kigaga. Wiki ya tatu kigaga kitaanguka chenyewe. Usikikune. Usitie majivu wala majani. Ukikigusa, nawa mikono kwa sabuni."

Mzee Kalama akaonyesha alama ya zamani begani. "Mimi walinichanja wamisionari nikiwa mdogo. Nimekwisha kuchanjwa, sivyo?"

"La, mzee. Nguvu ya chanjo hupungua miaka ikipita. Yako imezeeka pamoja nawe. Yafaa uchanjwe tena."

Bibi Agneta akainamisha kichwa. "Naweza kukataa?"

"Unaweza," Justus akasema. "Lakini sitakudanganya. Nzai aliyeketi hapa Jumanne ana ndui. Ndui ikimpata mtu wa umri wako, mara nyingi humuua. Na kabla ya kumuua huwagusa wenzake, kwa pumzi, kwa nguo, kwa kitanda."

Bibi Agneta aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alikufa kwa ndui mle chomboni, kabla hatujafika hapa. Jina lake nalikumbuka. Uso wake umenitoka. Nilikamatwa, sikuulizwa. Nilitiwa chomboni, sikuulizwa. Hata jina hili la Agneta ni jina zuri, lakini sikuulizwa. Leo kijana wa Machakos amekuja mara ya pili kuniuliza."

Akaupandisha mkono wa nguo yake mwenyewe.

"Hizi si chale. Haya, fanya."

Mbeyu akageuka upande akalia, kwa furaha na kwa ajili ya mama yake. Kisha naye akautoa mkono. Siku ile wote sita walichanjwa, na Mzee Kalama alipiga kelele kuliko wote.

Mambo yakawa kama Justus alivyosema. Mikono ilivimba. Bibi Jumwa alipata homa, ikapoa. Mzee Kalama alitaka kujikuna, Mbeyu akamvisha soksi mkononi, naye akalalamikia soksi badala ya uji. Kata ya maji ilichemshwa, na mikeka ikaanikwa juani. Mbeyu aliwatazama nyuso kila asubuhi, akihesabu siku. Zikapita kumi. Zikapita ishirini. Hakuna aliyetokwa na ndui hata mmoja.

Nzai naye alipona, lakini kwa shida. Alirudi na nazi zake baada ya miezi miwili, uso umejaa makovu na jicho moja limeingia ukungu.

Wiki ya tatu baada ya chanjo, Magogoni watu walikuwa bado wanaugua, na Frere Town wanawake wengi walikuwa bado wanakataa. Walisema Bibi Agneta mwenyewe ndiye aliyewafundisha kukataa. Basi kigaga chake kilipoanguka, Bibi alisimama kanisani Jumapili, akaonyesha kovu.

"Mimi niliwakataza chale," akasema. "Sikuwakataza chanjo. Nilikuwa siijui, nami niliikataa kabla ya kuuliza. Justus nimemwita arudi, yuwaja kesho."

Kesho yake foleni ilitoka mlango wa kanisa hadi barabarani. Bibi Agneta aliwekewa kiti kando ya meza ya Justus. Kila mwanamke alipofika, Bibi alimuuliza kwanza.

"Umeelezwa?"

"Abee, Bibi, nimeelezwa."

"Wakubali?"

"Nakubali."

Hapo ndipo Justus alipoinua sindano. Wakapita wengi hivyo. Kisha akaja msichana mmoja aliyeolewa juzi, mkono wa nguo ameupandisha tayari.

"Umeelezwa?"

"La, Bibi. Nimekuja kwa kuwa wewe umesema."

Bibi Agneta akamshusha mkono wa nguo kwa upole.

"Basi bado hujaulizwa, mwanangu. Kaa hapa."

Justus akaiweka sindano chini, akaanza kueleza upya.